Mchanga wa Mto Tegeta

Konda aligonga bati la daladala kwa sarafu, akauliza, "Africana wapo?" Tukajibu watu sita au saba, "Tupo!" Nadhani kati yetu hakuna aliyewahi kuiona Africana yenyewe. Kwa abiria wa Barabara ya Bagamoyo hilo ni jina la kituo tu, kama Tangi Bovu tulipopita muda mfupi nyuma: unashuka, unatafuta bodaboda, unaendelea na hamsini zako. Ila Africana ilikuwa hoteli. Ilikaa ufukweni, upande huu wa kaskazini mwa Dar es Salaam, enzi ambazo Mbezi na Kunduchi zilikuwa minazi na mikorosho na nyumba za kuhesabu. Watalii waliletwa, wakaogelea, wakapiga picha. Kisha bahari ikaanza kula ufukwe, ikalifikia jengo, na hoteli ikaachwa. Kituo kimebaki na jina la marehemu.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, kaskazi bado inavuma, na nilikuwa nimeipanga siku hiyo kwa kalenda ya mwezi. Siku za bamvua bahari ya Dar hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na hapo ndipo ufukwe unapoonekana ulivyo, bila kujifunika. Nililala Kinondoni kwa shemeji yangu ili niwahi. Nyumbani kwangu ni Madale, juu kule nyuma ya Tegeta. Kwa hiyo safari yangu haikuwa ya kwenda mbali. Ilikuwa ya kurudi nyumbani kwa kuzunguka: nianzie baharini, mahali mchanga unapokosekana, nipande nao hadi mahali unapochukuliwa.

Kutoka kituoni hadi baharini bajaji ilinishusha mbele ya ukuta. Baada ya ukuta, ukuta mwingine. Mitaa hii imejengwa hivi: barabara ya vumbi, geti la chuma, waya wa umeme juu, na bougainvillea za kupunguza ukali. Bahari unaisikia, huioni. Katikati ya kuta mbili palikuwa na kichochoro cha kupita mtu mmoja, na mlangoni pake ameketi mlinzi kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, mzee. Unakwenda kwa nani?"

"Marahaba. Nakwenda baharini."

"Baharini kwa nani?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha. Ameajiriwa kuuliza hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari, mto au ziwa. Nilihesabu hatua zangu kutoka mwisho wa ukuta hadi alama ya maji kujaa. Nilifika ishirini na mbili, na miguu yangu si mirefu. Kwa haki niseme kwamba huenda siku ukuta ulipojengwa palikuwa na hatua nyingi zaidi. Bahari nayo inasogea.

Chini, maji yalikuwa yamekupwa mbali. Visiwa vya Mbudya na Pangavini vilionekana karibu kama vya kugusa. Viwili hivyo, pamoja na Bongoyo na Fungu Yasini, ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na miamba yake ndiyo inayolivunja wimbi kabla halijafika kwetu. Baruti za wavuvi haramu zimeitafuna kwa miaka mingi. Lakini macho yangu hayakukaa visiwani. Yalikaa kwenye ngazi.

Ilikuwa ngazi ya zege, imetoka kwenye ukuta wa nyumba moja ya kifahari, ya kumshusha mwenye nyumba hadi mchangani. Fundi aliyeimwaga alijua kazi: kingo zimenyooka, kila kidaraja kina mistari ya kuzuia kuteleza. Tatizo ni kwamba kidaraja cha mwisho kilikuwa hewani. Nilisimama chini yake, kikanifikia kiunoni. Zege lilikuwa limepasuka kwa chini na nondo mbili zimechungulia, zimevimba kwa kutu. Hatua chache mbele, mvinje ulikuwa umesimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyepandisha msuli kuvuka tope. Hakuna aliyehitaji kunieleza kimo cha mchanga kilikuwa wapi zamani. Ngazi ilikuwa rula.

Kwenye kivuli cha ngalawa iliyopinduliwa, mzee mmoja alikuwa anashona wavu. Tuliamkiana, nikamuuliza hoteli ya zamani ilikuwa upande gani. Akaonesha kwa kidevu, upande wa maji. "Huko huko," akasema, akarudi kwenye wavu wake. Alipendelea kuzungumza juu ya bei ya petroli ya boti na juu ya Simba kufungwa. Nilipomrudisha kwenye mchanga alilaumu kuta. "Huyu akijenga ukuta, bahari inamkosa yeye, inampiga wa pembeni. Wa pembeni naye anajenga. Sasa mimi nisiye na ukuta ndiyo wanipige wote?"

"Na mto, mzee? Mchanga wa mto?"

"Mto gani?"

Swali lake lilikuwa halali. Ukikaa ufukweni huoni mto. Lakini mchanga huu haukuzaliwa baharini. Mwingi umeshuka na mito midogo inayotoka kwenye vilima vya nyuma ya mji, Mto Mbezi, Mto Tegeta na vijito vyake, ambayo nusu ya mwaka ni mikavu na wakati wa masika inashuka kama imechokozwa. Mto unausogeza mchanga hadi mlangoni mwa bahari, kisha mkondo unaupokea na kuutembeza kandokando ya pwani: msimu wa kusi unaupeleka kaskazini, msimu wa kaskazi unarudisha sehemu yake. Ufukwe haukai na mchanga wake. Unaupokea na kuutoa, kama duka. Ukikata mzigo unaoingia, duka linaendelea kuuza mpaka rafu zinabaki tupu. Wataalamu walikuwa wakilisema hili kuhusu Kunduchi tangu miaka ya 1980, walipoona malori yanaingia mitoni na ufukwe unapungua.

Kuta wanazojengeana matajiri zinaongeza maumivu, mzee hakukosea. Wimbi likigonga ukuta halimalizi nguvu, linarudi na mchanga wa miguuni pa ukuta huohuo. Ila kuta ni dawa mbaya ya ugonjwa ulioanzia kwingine.

Nilichukua bodaboda hadi Kunduchi kijijini. Naliita kijiji kwa mazoea tu. Pwani ya wavuvi ilikuwa imechangamka: madalali wa samaki wanapiga mnada juu ya ndoo, akina mama wana makarai ya mafuta yanayochemka, harufu ya dagaa na moshi wa vifuu. Nilikula changu wa kukaanga na ugali wa kupoa, nikanawa kwa maji ya dumu ambayo mama muuzaji aliyanunua, kwa sababu kisima chao kimeingia chumvi. Kila nyumba kubwa ya huku ina kisima kirefu, na ukiyavuta maji baridi ya chini kupita kiasi, ya bahari yanaingia kushika nafasi.

Nyuma ya kijiji ndiko liliko hori la Manyema, na ndiko Mto Tegeta unakofikia bahari. Nilipita kwenye mabwawa ya chumvi, mapana, meupe, yametulia. Yalichimbwa mahali palipokuwa na mikoko. Mikoko iliyosalia inapakana nayo: mchu upande wa nchi kavu, mkandaa katikati, mkoko wenyewe na miguu yake ya buibui ukiingia majini. Kwa sheria mikoko yote ya Tanzania bara ni msitu wa hifadhi, tangu wakati wa Waingereza. Kwa vitendo nilihesabu visiki hadi nikachoka, na kwenye bwawa moja lililoachwa niliona kifusi kimemwagwa na nguzo nne za zege zimesimamishwa kwenye pembe. Mtu ameshapata kiwanja. Nilimuuliza kijana mmoja kama pale hapajai maji. "Yanajaa," alisema, "lakini bei yake ni nafuu."

Nikapumzika kwenye magofu. Kama hujawahi kufika Magofu ya Kunduchi, nenda. Hayako mbali na daladala, na siku nyingi utakuwa peke yako na mibuyu. Kuna mabaki ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, mengi yakiwa ya karne ya 18, ambayo yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China zilizopachikwa kwenye lipu. Nyingine zimeng'olewa, yamebaki matundu ya duara. Niliweka kiganja kwenye nguzo moja. Jiwe la matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa matumbawe na kuni, mchanga wa hapohapo. Na nyumba za waliozikwa humo bila shaka ziliezekwa kwa boriti za mikoko. Wale nao walijenga kwa pwani. Sitaki kuwafanya watakatifu kwamba walikuwa wakiomba radhi kwa kila jiwe. Walikuwa wachache tu.

Sisi si wachache. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Milioni moja na ziada kwa miaka kumi, na wengi katika hao walikuja pembezoni: Bunju, Boko, Wazo, Madale, Mabwepande. Kila mmoja anataka tofali, jamvi na lipu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilikuwa na mradi wake wa viwanja 20,000, Mbweni na Bunju zikapimwa, barabara zikachorwa, shule na zahanati zikatengewa nafasi. Ulikuwa mradi mzuri kuliko mingi iliyotangulia. Lakini katika ramani za mipango miji nilizowahi kufunguliwa mezani, na nimefunguliwa kadhaa, sijaona eneo lililoandikwa: hapa ndipo mchanga wa kujengea utakapotoka. Ni kana kwamba nyumba hujengwa kwa hati.

Saa saba jua likiwa la utosi nilikuwa machimbo ya Kunduchi, kwa wagonga kokoto. Wengi ni wanawake. Wameketi chini ya vivuli vya khanga na viroba vilivyotanuliwa kwa fito, kila mmoja na rundo lake, nyundo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umevishwa mpira wa tairi wa kushikia jiwe. Wanauza kwa ndoo au kwa lori zima, lori likija. Nyuma yao, kwa juu, uko mlima wa Wazo wenyewe, au kilichobaki, ukiwa na kiwanda cha saruji kinachozalisha tangu 1966. Jiwe linalosagwa pale ni chokaa, na chokaa hiyo zamani za kale ilikuwa miamba ya matumbawe chini ya bahari. Kwa hiyo mfuko wa saruji ulioko stoo kwako ni bahari ya kale, kokoto ni bahari ya kale, mchanga ni ufukwe ambao haujafika. Nyumba ya Tegeta ni pwani iliyosimamishwa wima.

Chini ya Wazo hapohapo kuna Chasimba, Chatembo na Chachui, majina utadhani ya ngano, ambako wakazi walijenga ndani ya ardhi ya kiwanda na mgogoro ukachukua miaka mingi, ukaenda mahakamani, hadi serikali ikaingilia ili watu wapimiwe badala ya kubomolewa. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba mtu huvamia ardhi ya machimbo pale tu ambapo ardhi ya kukaa imemshinda bei.

Kutoka hapo nilimwambia kijana wa bodaboda anipeleke mtoni, anapopajua yeye, palipo na malori. Hakuuliza mara mbili.

Mto Tegeta mwezi wa Februari hauna maji. Una barabara. Magurudumu ya malori yamechora njia ndani ya kitanda chake, na ukisimama katikati kingo zinakupita kichwa, mara mbili ya kimo cha mtu mahali pengine. Ukingo umekatwa kama keki: juu udongo mweusi wenye mizizi ya majani, chini yake udongo mwekundu, kisha tabaka la mchanga mweupe ambalo ndilo wanalolifuata, wanalifukua kwa chini hadi udongo wa juu unaning'inia bila kitu. Bomba jeusi la maji lililokuwa limefukiwa sasa linakatiza hewani kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, limefungwa kwa mpira palipopasuka. Juu ya ukingo wa kulia ipo nyumba ya vyumba vitatu, bati la bluu, na nusu ya karo lake liko nje: duara la tofali limepasuliwa na mto, ndani mwake mweusi, na inzi.

Vijana watano walikuwa wanapakia Fuso kwa mabeleshi. Mwendo wao ulikuwa wa pamoja, wawili wanarusha, wawili wanavuta pumzi, mmoja yuko juu anasawazisha. Mkubwa wao alinitazama viatu, akakata shauri kwamba mimi ni mteja.

"Karibu, bosi. Unataka tripu ngapi? Huu ni mchanga wa kweli, wa mtoni, siyo ule wa shamba."

Akachota kidogo, akanimwagia kiganjani, akaniambia niusugue. Nikausugua. Akaniambia niumwage nitazame mkono. Mkono ulikuwa safi. Hilo ni jaribio la mafundi wote wa mji huu: mchanga ukiacha doa la udongo kiganjani, lipu itapasuka; usipoacha doa, nunua. Nililijua jaribio hilo vizuri. Nilifundishwa mwaka 2009, kwenye kiwanja changu, na fundi wangu, mbele ya lori.

Nilimwambia sinunui, nauliza tu. Hakukasirika. Alisema wanajua hairuhusiwi bila kibali, mgambo wakija wanakimbia, wakiondoka wanarudi. Watu wa pale wanasema pia vipo vibali vya "kusafisha mto", na usafi huo huishia kwenye lori. Nilimwonesha nyumba ya bati la bluu. Akaitazama kwa muda, akasema mwenye nyumba ile naye alinunua kwao. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sisi tukiacha, mzee, wewe utajenga na nini?"

Hapo ndipo penye shida. Kuwafukuza vijana wale kwa msako wa wiki moja ni kama kufagia uwanja kwenye upepo. Mchanga utachimbwa maadamu mji unajengwa, na mji hautaacha kujengwa. Basi uchimbwe mahali palipochaguliwa, mbali na mito inayolisha ufukwe, na lori linalotoka huko liwe na karatasi inayoonesha limetoka wapi; na vumbi la mawe la machimbo, ambalo wafyatua tofali wengi wameshalizoea, liingie kwenye zabuni za majengo ya serikali kwanza, kwa kuwa serikali ndiye mjenzi mkubwa. Ghali zaidi? Ndiyo. Lakini ukuta wa bahari wa yule mwenye ngazi kule Africana nao una bei, na bomba linaloning'inia, na daraja ambalo nguzo zake zimeanza kuonekana hadi kucha. Kwa sasa gharama hiyo analipa mtu mwingine, ndiyo maana mchanga wa mtoni tunauona rahisi.

Nilipanda kwa miguu kufuata mto hadi njia ya Madale. Nilifika nyumbani magharibi, saa ambayo kule chini maji yalikuwa yamejaa na kuanza kushuka tena. Mke wangu alikuwa amesimama na fundi uani. Walikuwa wanapima ukuta wa fensi tuliokuwa tukiuahirisha kwa miaka mitatu. Fundi alinikabidhi karatasi ya daftari: tofali, saruji, nondo za nguzo, na mstari wa nne, kwa mwandiko mzuri, "Mchanga wa mtoni, tripu 4."

Usiku nililitafuta daftari la ujenzi la 2009, nikalikuta chini ya hati za shule za watoto. Nyumba yetu ilikula tripu kumi na tisa. Mbele ya kila moja niliandika tarehe, bei na jina la mto: Tegeta, Tegeta, Tegeta, moja ya Mpiji, kisha Tegeta tena hadi mwisho wa ukurasa.

Ukuta hatujaujenga. Tumepanda michongoma. Imefika magotini, mke wangu hajaridhika, na mbuzi wa jirani wanapita watakavyo.